Gari Kuukuu Lisitupwe: Lipewe Umeme kwa Hesabu

Mwananchi wa Visiwani anayekwenda Dodoma kwa shughuli za Serikali, za Bunge au za Chama, siku hizi hupita katika safari yenye mafunzo. Huvuka bahari kwa boti inayokwenda kwa dizeli. Akifika Dar es Salaam hupanda treni ya reli ya kisasa, iliyoanza kufika Dodoma mwezi Julai mwaka 2024, nayo humpeleka hadi uwanda wa kati kwa nguvu ya umeme. Kisha akishuka stesheni huingia katika gari dogo lililokwisha kutumika Japani miaka mingi kabla ya kuletwa kwetu, na kabla hajafika Area C au Majengo dereva amekwisha kumweleza, kwa uchungu, bei ya petroli ya mwezi huo.

Treni inayobeba mamia ya watu inakwenda kwa umeme unaozalishwa hapa hapa nchini. Gari linalobeba watu wanne linakwenda kwa mafuta tuliyoyanunua ng'ambo kwa fedha za kigeni. Tofauti hiyo tumeitazama kwa muda, na leo twapenda kuizungumza bila kuficha neno.

Swali lenyewe ni hili: je, magari makuukuu tuliyonayo, mengine yakiwa bado barabarani na mengine yamewekwa juu ya mawe, yanaweza kubadilishwa yaende kwa umeme kwa gharama ambayo mwananchi wa kawaida, au idara ya Serikali yenye fungu dogo, itaimudu? Jibu letu ni ndiyo kwa baadhi ya magari, na ni hapana kwa mengi zaidi. Tunaandika ili mpaka kati ya hiyo ndiyo na hiyo hapana uonekane, kabla wananchi hawajapoteza akiba zao mikononi mwa mafundi wa kubahatisha, na kabla watendaji wetu hawajaidharau kazi yenye manufaa kwa kudhani ni mchezo wa watoto.

Jambo la mafuta kutubana si jipya. Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mwaka huo huo bei ya mafuta ya petroli ilipanda duniani kote kwa kishindo, na nchi changa kama yetu ikajikuta inalipa zaidi kwa kupata kile kile. Wasomaji wetu wa makamo wanakumbuka jinsi ilivyobidi, huko Bara, kuzuia magari ya binafsi yasitembee Jumapili alasiri ili mafuta yaokolewe. Nusu karne baadaye, katikati ya mwaka 2023, madereva katika baadhi ya mikoa walipanga foleni tena kwenye vituo vya mafuta, na uhaba wa dola ukatajwa kuwa moja ya sababu. Magari yamebadilika na vituo vimependeza, lakini kamba iliyotufunga ni ile ile.

Kilichobadilika ni upande wa umeme. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lililoanza kuingiza umeme katika gridi mwezi Februari 2024, limejengwa kwa mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115. Uwanda wa kati wenyewe una bwawa la Mtera, ambalo mitambo yake ni ya megawati 80, na njia kuu ya umeme itokayo Iringa kwenda Singida na Shinyanga hupita kituo cha Zuzu, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Hatusemi kwamba shida ya umeme imekwisha milele. Tuliuonja mgao mwaka 2006, mwaka 2011 na tena mwishoni mwa mwaka 2022. Tunachosema ni kwamba umeme, hata ukiwa na upungufu wake, ni mali inayotoka katika mito, upepo, jua na gesi yetu. Petroli yote tunayochoma huja kwa meli.

Wapo wenzetu waliokwisha kujaribu, na yafaa wapewe haki yao. Nchini Uganda, wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere waliliendesha gari lao la umeme liitwalo Kiira mwaka 2011. Jijini Nairobi, kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa mwaka 2017 na kubadili jina kuwa Roam mwaka 2022, ilianza kazi yake kwa kung'oa injini za dizeli katika magari ya porini na kuweka mota za umeme. Hapa Tanzania, mwaka 2018 kampuni moja ya utalii ya kaskazini ilianza kuwapeleka wageni Serengeti kwa magari ya aina hiyo hiyo, nayo yakasifiwa kwamba hayawashtui wanyama kwa kelele. Mwezi Machi 2022 mchoraji wa katuni Masoud Kipanya alionyesha hadharani, jijini Dar es Salaam, gari dogo la umeme lililoundwa hapa nchini. Na tusisahau kwamba katika miaka ya 1980 wataalamu wetu wa Nyumbu, kule Kibaha, waliunda lori kamili. Anayedai kwamba Mtanzania hana mkono wa kazi hii hajui historia ya nchi yake.

Lakini twapaswa kusema kweli. Gari la kitalii la Serengeti au la Maasai Mara ni mali ya gharama kubwa, na gharama ya kulibadilisha hulipwa na mgeni anayelipia safari kwa dola. Mfano huo haumsaidii mchuuzi wa Soko la Majengo, wala mkulima wa zabibu wa Hombolo, wala ofisi ya kata inayosubiri fungu la mafuta lifike. Kwao twapaswa kuanza na chombo kingine. Sisi tumekichagua kigari kidogo cha mizigo aina ya Suzuki Carry, ambacho Bara huitwa kirikuu. Kirikuu ni chepesi, aghalabu kina gia za mkono, nafasi ya chini ya bodi yake inafikika kwa urahisi, na kila fundi wa uwanda wa kati anakijua kwa kukipapasa. Zaidi ya hayo, safari zake ni fupi na zinajulikana: sokoni, stoo, dukani, nyumbani.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Injini hutolewa pamoja na rejeta, ekzosi na tangi la mafuta. Giaboksi huachwa. Mkereza vyuma huchonga bamba la kuunganisha mota mpya na giaboksi ya zamani, pamoja na kiungo cha mhimili wa mota; na hapo ndipo ufundi ulipo, kwa maana bamba likipinda hata kidogo, beringi zitaliwa na giaboksi italia. Mota huongozwa na kidhibiti, yaani kifaa kinachopokea amri ya pedeli na kupima umeme wa kutoka katika betri. Betri nazo huwa na mlinzi wake wa elektroniki, anayezuia seli moja isijazwe kupita kiasi wala kukaushwa. Kifaa kingine hushusha umeme wa betri kubwa hadi volti 12 kwa ajili ya taa, honi na waipa. Mwisho huwekwa chaja, fyuzi kubwa, na swichi ya kukata umeme wote kwa mkono mmoja pindi pakiwa na ajali.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana sisi tuliokalia mikeka ya chuo utotoni na baadaye madawati ya shule ya Serikali tulifunzwa pande zote mbili kwamba mizani haina upendeleo. Hesabu hii ni ya mfano. Kila msomaji aweke tarakimu zake mwenyewe mahali petu.

Tuchukue kirikuu kinachotembea kilomita 60 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Kikitumia lita moja ya petroli kwa kilomita 12, kitakunywa lita 5 kwa siku. Tukiiweka lita kwenye shilingi 3,000, hiyo ni shilingi 15,000 kila siku. Kikibadilishwa kiende kwa umeme, chombo cha uzito huo kitahitaji yapata uniti moja kwa kila kilomita sita au saba, yaani uniti 9 kwa siku. Na kwa kuwa umeme mwingine hupotea katika kuchaji, tuhesabu uniti 10. Bei ya kundi la T1 iliyopangwa na EWURA mwaka 2016 ilikuwa shilingi 292 kwa uniti, na kodi na tozo zikiongezwa hukaribia shilingi 356. Kwa bei hiyo, uniti 10 ni shilingi 3,560. Basi mwenye kigari anaokoa shilingi 11,440 kwa siku, na kwa mwaka shilingi 3,432,000.

Gharama ya kubadilisha je? Betri za uniti 15, mota, kidhibiti, chaja, nyaya, vifaa vya usalama na malipo ya mafundi haviwezi kupatikana kwa bei ya kutupa. Tukadirie shilingi milioni 12. Kwa akiba tuliyoitaja, fedha hiyo itarudi kwa miaka mitatu na nusu hivi, ikiwa haikukopwa kwa riba. Baada ya hapo kinachobaki ni faida ya mwenye mali.

Sasa tuchukue mtu mwingine mwenye gari lile lile, lakini anatembea kilomita 15 tu kwa siku. Akiba yake kwa mwaka haifiki shilingi 860,000, na fedha yake itarudi baada ya miaka 14. Huyu tunamshauri, kwa mapenzi kabisa, aache. Atengeneze injini yake, apulize matairi yake sawasawa, na aweke akiba. Na yule anayekwenda Singida leo, kesho Morogoro, keshokutwa Iringa, naye aache, kwa sababu betri za uniti 15 zitampeleka kilomita 80 hivi na kumwacha porini.

Kwa hiyo gari linalofaa kubadilishwa ni lile linalotembea sana kila siku, lakini halitoki mbali na nyumbani. Lile ambalo chesisi na bodi yake ni nzima, ila injini imechoka au imekufa. Hiyo ndiyo kanuni yote. Anayeifuata atafaidika, na anayeipuuza kwa sababu ya mapenzi ya vitu vipya atajuta.

Ipo mitego mitatu ambayo twaona ni wajibu kuitaja kwa majina.

Mtego wa kwanza ni betri za bei rahisi. Fundi asiyeipenda kweli atamwambia mteja kwamba betri za kawaida za asidi na risasi, zile za malori, zinatosha. Hazitoshi. Betri hizo haziwezi kukaushwa zaidi ya nusu bila kuharibika upesi, na uzito wake ni mkubwa mno. Ili kupata nguvu ile ile ya kutembea kilomita 80 zitahitajika kilo zipatazo 700, ilhali kigari chenyewe kiliundwa kubeba mzigo wa kilo 350 tu. Tena zinakufa baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, yaani kabla mwenye gari hajarudisha hata nusu ya fedha yake. Betri za lithiamu za aina ya chuma na fosfeti zina uzito wa kilo 150 hivi kwa kiasi hicho, hustahimili joto vizuri kuliko lithiamu za aina nyingine, na huchajiwa mara 2,000 na zaidi zikitunzwa. Rahisi ghali, walisema wazee. Na hapa usemi huo umepata ushahidi wa mizani.

Mtego wa pili ni breki. Katika magari mengi, urahisi wa kukanyaga breki hutokana na mvuto wa hewa unaotengenezwa na injini inapozunguka. Injini ikitolewa, mvuto huo unakwenda nao. Fundi asiyeweka pampu ndogo ya umeme ya kufanya kazi hiyo atampa mteja gari linaloondoka vizuri na kukataa kusimama. Gari la namna hiyo likiteremka mlima likiwa na mzigo, hatuhitaji kueleza litakaposimamia.

Mtego wa tatu ni umeme wenyewe. Gari la petroli lina volti 12, na fundi hushika nyaya zake bila hofu. Gari lililobadilishwa linaweza kuwa na volti 96 za mkondo mnyoofu, na lile lenye vifaa vilivyotolewa katika gari la kiwandani lililopata ajali, kama vile Nissan Leaf, linaweza kupita volti 350. Umeme wa namna hiyo haumpi mtu nafasi ya kujifunza kwa makosa. Njia ya kununua gari la umeme lililogongwa na kuchukua mota na betri zake ndiyo inayotumiwa na mafundi wengi duniani kupunguza gharama, na sisi hatuipingi. Tunachokataa ni kazi hiyo kufanywa chini ya mwembe, bila glavu, bila kipimo, na mtoto wa fundi akiwa amekaa juu ya kisanduku cha betri.

Kuna hoja moja ya kinyume ambayo ni nzito na haifai kupitwa. Wapo wasemao kwamba gesi asilia ni nafuu zaidi, na kwamba Dar es Salaam magari mengi yamekwisha kubadilishwa yatumie gesi, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam ikiwa miongoni mwa waliotangulia katika kazi hiyo. Ni kweli. Kubadili gari litumie gesi ni rahisi kuliko kubadili litumie umeme, na kwa dereva wa teksi wa Dar es Salaam hiyo huenda ikawa njia bora. Lakini bomba kuu la gesi lililozinduliwa mwaka 2015 linatoka Mtwara na kuishia Dar es Salaam. Halifiki Dodoma, na halivuki bahari. Soketi ya umeme imekwisha kufika katika maduka ya Nzuguni, na imekwisha kufika Makunduchi na Konde. Kirikuu chetu kinaweza kuchajiwa kwa soketi ya kawaida ya ukutani kwa saa nne au tano, usiku, mwenyewe akiwa amelala.

Hapa ndipo tunapowageukia watendaji wa Serikali walioko Dodoma, na tunasema nao kwa adabu lakini kwa uwazi.

Tangu Serikali ilipohamia Dodoma kwa dhati, na Mji wa Serikali wa Mtumba kufunguliwa mwezi Aprili 2019, kila siku ya kazi magari ya ofisi huenda na kurudi kati ya Mtumba na katikati ya mji, mwendo wa kilomita 17 hivi kwa upande mmoja. Njia ni ya lami, nchi ni ya uwanda, maegesho yanajulikana na walinzi wapo usiku kucha. Dereva anayekwenda mara mbili kwa siku amekwisha kukaribia kilomita 70. Msomaji ataona kwamba hiyo ndiyo safari hasa tuliyoieleza: ndefu ya kutosha kurudisha gharama, fupi ya kutosha kwa betri ndogo. Kwa upande mwingine, katika viwanja vya ofisi za umma hapakosi magari yaliyochakaa yanayongoja kupigwa mnada, jua la Dodoma likiyapasua matairi.

Pendekezo letu ni dogo na halihitaji wafadhili. Ichaguliwe idadi ndogo ya magari ya namna hiyo, tuseme kumi, yenye chesisi nzima na injini mbovu. Yapelekwe katika vyuo vyetu vya ufundi, VETA wakiwa mstari wa mbele kwa upande wa Bara, na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, pale Mbweni, kwa upande wa Zanzibar. Wanafunzi wayabadilishe chini ya walimu wao, kila boliti na kila shilingi ikiandikwa. Kisha magari hayo yafanye kazi ya ofisi kwa miaka miwili, matano katika njia ya Mtumba na matano katika njia za Unguja na Pemba. Hesabu zote zichapishwe, zikiwa nzuri au zikiwa mbaya. Ikiwa tumekosea, nchi itakuwa imepoteza magari kumi ambayo tayari yalikuwa chuma chakavu, na itakuwa imepata vijana wanaoujua ufundi huo. Ikiwa hatukukosea, tutakuwa na mwongozo ulioandikwa na mikono yetu wenyewe.

Twajua kwamba baadhi ya wenzetu wa Visiwani watauliza: habari za uwanda wa Dodoma zinatuhusu nini sisi? Tunajibu kwamba zinawahusu kuliko hata wenyeji wa Dodoma. Mtu wa Dodoma akitoka nje ya mji ana mamia ya kilomita mbele yake. Mtu wa Unguja akitoka Nungwi kwenda Makunduchi amekimaliza kisiwa, na hajafika kilomita mia. Kisiwa chote kina urefu wa kilomita 85 hivi, na Pemba ni kifupi zaidi. Hakuna nchi iliyopimwa na Mwenyezi Mungu kwa kipimo cha betri ndogo kama visiwa vyetu. Dodoma ni mahali pazuri pa kufanyia majaribio kwa sababu Serikali ipo pale; mavuno makubwa huenda yakawa ya Visiwani.

Lakini Visiwani pia pana tahadhari mbili. Ya kwanza ni chumvi. Hewa ya bahari hula chesisi kimya kimya, na gari ambalo chuma chake kimeoza halistahili kutiwa betri za mamilioni, hata bodi yake ikiwa imepakwa rangi ikang'aa. Ya pili ni kumbukumbu. Hatujasahau mwezi wa Mei na Juni mwaka 2008, wala miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, wakati Unguja ilipokosa umeme wa gridi kutoka Bara, na watu wakarudi kwenye vibatari na majenereta. Tangu hapo waya mpya wa megawati 100 umelazwa baharini, mwaka 2013, na Pemba ilikuwa imekwisha kupata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010. Hata hivyo, mwenye busara hafungi mashua zote kwenye nguzo moja. Gari la hospitali, la zimamoto na la polisi libaki na injini yake mpaka tuwe na hakika. Magari ya mizigo ya sokoni na ya ofisi yanaweza kutangulia, yakichajiwa usiku wa manane, wakati mahitaji ya umeme yamepungua.

Kwa hiyo tunayaomba mamlaka husika, za Muungano na za Zanzibar, mambo manne.

La kwanza ni kadi ya gari. Kadi huandikwa namba ya injini na aina ya mafuta. Mwananchi aliyeitoa injini yake kihalali aelezwe wazi aende dirisha gani, aandikwe nini, na akaguliwe na nani. Asiachwe akizungushwa ofisi hadi ofisi, wala asikutane na askari wa barabarani akiwa na kadi inayosema jambo moja na gari linalosema jingine. Bima nayo itafuata kadi.

La pili ni kipimo cha usalama. TBS kwa upande wa Bara na ZBS kwa upande wa Zanzibar waketi pamoja waandike kanuni chache zinazoeleweka na fundi wa gereji: breki, nyaya, fyuzi, swichi ya kukatia, kisanduku cha betri na uzito usiopitwa. Ziandikwe kwa Kiswahili. Kanuni ambayo fundi hawezi kuisoma haimlindi mtu yeyote.

La tatu ni ushuru. Kama mota na betri za kubadilishia magari zitatozwa kama anasa, hesabu yetu yote itavunjika, na miaka mitatu na nusu itakuwa sita au saba. Hatuombi upendeleo wa daima. Tunaomba vifaa vya kazi vitozwe kama vifaa vya kazi. Ethiopia mwaka 2024 ilikwenda mbali hata ikazuia kuingizwa kwa magari ya petroli. Sisi hatushauri amri kali kama hiyo kwa nchi yetu, lakini twaona nia.

La nne ni betri zilizokufa. Betri isiyoweza tena kusukuma gari bado inaweza kuwasha taa za zahanati iliyofungwa paneli za jua. Ikishindwa hata hiyo, iwe na mahali pa kurudishwa. Tusiwaachie watoto wetu majalala ya sumu kwa sababu tulitaka kuokoa moshi.

Tulipokuwa chuoni, mwalimu wetu alikuwa akituzuia hata kumwaga maji ya udhu ovyo, ingawa kisima kilikuwa karibu, akisema israfu ni israfu hata kando ya mto. Gari lenye chesisi nzima linalooza kwa sababu injini yake imekufa ni israfu. Dola inayokwenda ng'ambo kila alfajiri ili kigari kibebe nyanya kutoka Nzuguni hadi Majengo ni israfu. Lakini fedha ya maskini inayomwagwa katika jaribio lisilo na hesabu nayo ni israfu, tena iliyo mbaya zaidi, kwa kuwa yeye hana ya pili.

Mwananchi apige hesabu kabla ya kumpa fundi ufunguo. Fundi aijue breki kabla ya kujisifu kwa mota. Na mtendaji, kabla hajatia saini ya kupiga mnada gari lililokaa juu ya mawe uani mwa ofisi yake, alizunguke mara moja, aiguse chesisi yake, na ajiulize kama kweli limekufa lote au ni injini tu.